Uliza Kabla ya Kupanda Basi: Bima ya Afya na Tiba ya Sindano kwa Mtu wa Chewele

Hapa Chewele, Tana River, ukisema umechomwa sindano, kila mtu anaelewa kitu kimoja: ulikwenda zahanati, ukadungwa dawa kwa bomba, ukarudi nyumbani unachechemea. Ile tiba ya Wachina, ambayo sindano nyembamba kama unywele hudungwa mwilini na kuachwa hapo kwa muda wa nusu saa hivi bila dawa yoyote ndani yake, haina jina la kwetu. Wenye kuijua huiita akyupancha. Wengi husema tu "sindano za Kichina". Naanza na jina kwa sababu jina ndilo lililoninyima fedha zangu mara ya kwanza.

Mgongo ulinishika wakati nikifanya kazi ya kuzunguka vijijini kwa pikipiki, leo Bura, kesho Hirimani, keshokutwa Madogo. Mwajiri alikuwa ametukatia bima ya kampuni binafsi. Rafiki akanielekeza kwa mtaalamu wa sindano huko Mombasa. Nikafunga safari, nikakaa kwa ndugu karibu mwezi mzima, nikadungwa mara nane na kulipa kila kitu kutoka mfukoni. Maumivu yalipungua, hilo nalisema bila kusita. Niliporudi nikajaza fomu ya madai kwa mkono wangu: "sindano za mgongo, mara nane". Risiti nazo zilisema hivyo hivyo. Kampuni ikauliza ni dawa gani niliyodungwa, na ni daktari gani aliyeiandika. Nikaeleza. Wakajibu kwamba tiba ya aina hiyo hulipwa tu pale daktari anapompa mgonjwa barua ya rufaa na kampuni yenyewe inapotoa idhini kabla ya matibabu. Sikuwa na rufaa, sikuwa na idhini. Sikulipwa hata senti.

Kwa muda mrefu nilijiona nimedhulumiwa. Nilipokaa chini nikausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba sharti lile lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyetueleza, na mimi sikuuliza. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya yeyote wa Chewele, Bura, Hola au Garsen mwenye kadi ya bima binafsi mfukoni, awe ameipata kazini, kwa mumewe au mkewe, au kwa mtoto aliyeko mjini.

Kampuni ya bima hailipi maumivu. Inalipa maradhi yaliyopewa jina na daktari, huduma iliyotolewa na mtu mwenye leseni, na mara nyingi ruhusa iliyoandikwa kabla ya huduma hiyo kuanza. Mkazi wa Nyali au Westlands akikosea, hasara yake ni nauli ya matatu. Sisi tukikosea tumekwisha kupita Garsen na Malindi hadi Mombasa, au tumepanda hadi Madogo na kuendelea hadi Nairobi kupitia Mwingi. Tumelala kwa watu. Tumeacha mpunga au migomba bila mwangalizi, au mifugo mikononi mwa watoto. Tuseme kikao kimoja ni shilingi 3,000 na umeambiwa uende mara nane, mara mbili kwa wiki. Hizo ni shilingi 24,000 na mwezi mzima nje ya nyumba. Bima ikikubali, itarudisha hizo 24,000 au sehemu yake. Nauli, chakula na malazi ni juu yako hata ukishinda dai. Kwa hiyo swali la kwanza huulizwa ukiwa bado nyumbani: je, nikifika huko nitalipiwa, na je, hakuna msaada ulio karibu zaidi? Tiba ya viungo katika hospitali ya Hola au Garissa ijaribiwe kwanza. Bima nyingi huilipia kwa urahisi kuliko sindano, na ukija kuomba idhini ya sindano baadaye, utaulizwa kama uliwahi kuijaribu.

Lakini kabla ya bima kuna jambo zito zaidi, nalo ni kujua unatibu nini. Katika nchi yetu hii ya mto, maumivu ya mgongo na viungo hayatoki kwenye jembe na pikipiki peke yake. Sisi ni watu wa maziwa. Waorma na Wardei wanafuga, Wapokomo wananunua, na wengi wetu tunakunywa maziwa mabichi kama walivyokunywa wazee wetu. Maziwa ya namna hiyo yanaweza kubeba brusela, ugonjwa ambao humpa mtu homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu usioelezeka, na maumivu ya kiuno, nyonga na magoti yasiyokoma. Anayesaidia mnyama kuzaa au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu anaweza kuupata pia. Brusela hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, aina zaidi ya moja kwa pamoja, kwa muda usiopungua wiki sita. Hakuna sindano ya Kichina itakayoiondoa. Kinachoniuma ni kwamba sindano inaweza kupunguza maumivu kiasi cha kumfanya mgonjwa aamini amepona, huku ugonjwa ukiendelea kula uti wa mgongo. Kifua kikuu nacho kinaweza kujificha kwenye uti wa mgongo.

Basi ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa, au unakonda bila sababu, au miguu inakufa ganzi na kukosa nguvu, au mkojo na haja kubwa vimeanza kukushinda, au maumivu yalianza baada ya kuanguka, usifikirie sindano. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, upimwe damu na upigwe picha. Vipimo hivyo vinalinda mwili wako, na pia vinakupa kile ambacho bima itakidai baadaye: ugonjwa wenye jina, ulioandikwa na kutiwa sahihi na daktari.

Je, sindano zenyewe zinafaa? Nimesoma sana juu ya jambo hili tangu mgongo uniume, na hukumu yangu ni kwamba zinasaidia baadhi ya maumivu ya muda mrefu kwa kiasi cha wastani. Hazitibu kisukari, shinikizo la damu wala saratani, na anayekuahidi hivyo anataka fedha zako. Nchi zenye bima kubwa zimegawanyika. Ujerumani, bima za umma zinalipia sindano tangu 2007 kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililosagika, na si kwa mengine. Marekani, bima ya wazee iitwayo Medicare ilianza kulipia maumivu sugu ya kiuno tarehe 21 Januari 2020: vikao 12 ndani ya siku 90, vingine 8 ikiwa mgonjwa anaonyesha nafuu, na visizidi 20 kwa mwaka. Uingereza, mwongozo wa 2016 uliwaambia madaktari wasiwape sindano wenye maumivu ya kiuno, kisha mwongozo mwingine wa 2021 ukaruhusu zifikiriwe kwa baadhi ya maumivu sugu. Nataja haya kwa sababu yana kazi. Ukiomba idhini kwa ajili ya kiuno au goti, unasimama mahali ambapo bima za nchi nyingine zimekubali kusimama. Ukiomba kwa ajili ya kupunguza mwili au kutafuta usingizi, jiandae kukataliwa.

Utaratibu ule wa Marekani una funzo jingine. Idadi ya vikao inajulikana, muda unajulikana, na nafuu inapimwa kabla ya kuongeza. Mwombe mtaalamu wako aandike mpango wa namna hiyo hiyo: vikao sita au vinane, halafu kipimo. Kipimo kiwe kitu kinachoonekana, kama umbali unaotembea kabla ya kusimama, au kama unaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Anayesoma dai lako Nairobi hakujui. Karatasi inayosema "mgonjwa anaendelea vizuri" haimwambii lolote.

Niseme neno juu ya hijama, yaani kuumika, kwa sababu watu huichanganya na sindano. Kuumika kwa pembe tumekukuta kwa wazee wetu, na siku hizi kuna wanaofanya hijama kwa vikombe vya plastiki katika miji yote ya pwani. Wako wanaofanya hijama na sindano chumba kimoja na kuandika risiti moja. Hilo litakuangusha. Hata kama bima yako inakubali sindano, risiti iliyochanganya hijama, kukandwa, dawa za mitishamba na sindano hurudishwa nzima. Kila huduma iandikwe mstari wake na bei yake, na ile ya sindano itajwe kwa jina lake kamili la akyupancha, ili karani asidhani ni dawa ya kuchomwa kama walivyodhani kwangu.

Mkataba wa bima karibu kila mara umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na kinachogawiwa wafanyakazi mara nyingi ni kijitabu tu. Omba mkataba wenyewe kwa afisa wa wafanyakazi au kwa wakala aliyekuuzia. Kama Kiingereza kinakupa taabu, keti na mwalimu au kijana wa sekondari, mwende pole pole. Anzeni nyuma, kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa. Huko ndiko bima nyingi za hapa Kenya huiweka akyupancha, kwenye mstari mmoja na waganga wa mitishamba na wanyoosha mifupa. Ukiikuta hapo, soma sentensi hiyo hadi nukta yake, maana wakati mwingine mwishoni pana maneno "isipokuwa kwa rufaa ya daktari" au "isipokuwa kwa idhini ya kampuni". Maneno hayo machache ndiyo mlango wako. Yasipokuwepo, angalia fungu la tiba ya viungo, kikomo chake kwa mwaka, na kama liko ndani ya kikomo cha matibabu ya kutolazwa. Angalia pia kipindi cha kungoja na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kukata bima. Mgongo uliokuuma tangu zamani na hukuutaja kwenye fomu ya kujiunga unaweza kuharibu dai lako lote, hata kama kila kitu kingine ni sawa. Sema ukweli kwenye fomu ile.

Wakala akikuambia kwa mdomo kwamba bima yake inalipa kila kitu, mwambie akutumie sentensi hiyo kwa maandishi, pamoja na namba ya ukurasa wa mkataba. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Suala la leseni lina ugumu wake nchini mwetu. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima juu ya tiba asili na tiba mbadala, na inataka Bunge liunde chombo cha kuzisimamia kwa sheria yake. Mpaka mambo hayo yakae sawa, kampuni za bima huegemea wale ambao tayari wana baraza linalowajua. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile linaloitwa KMPDC. Mtaalamu wa tiba ya viungo yuko chini ya baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Mabaraza haya yana orodha za waliosajiliwa, na leseni zao hulipiwa upya kila mwaka. Mtu aliyejifunza China miaka mitano anaweza kuwa na mkono mwema kuliko wote, lakini akiwa hana usajili unaotambuliwa hapa, dai lako litagonga mwamba. Ukimpata daktari au mtaalamu wa viungo aliyesajiliwa ambaye pia amesomea sindano, huyo ndiye wa kumfuata.

Hilo linahusu usalama pia. Sindano zinapaswa kuwa mpya, zitolewe kwenye pakiti mbele yako na kutupwa baada ya matumizi. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya ukimwi. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una ujauzito, sema kabla hujalala kitandani.

Mwaka uliofuata mke wangu akaanza kuumwa goti. Safari hii tulikwenda kwa mpango. Daktari wa Garissa alimpiga picha, akaandika kwamba gegedu la goti limesagika, na baada ya dawa na mazoezi kutosaidia vya kutosha akaandika rufaa. Mimi nikapiga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi, nikaomba majina ya watoa huduma wa Mombasa walio kwenye orodha ya kampuni. Kati yao nikapata mtaalamu wa viungo anayetumia sindano pamoja na mazoezi. Kisha nikaandika barua pepe, maana simu haina kumbukumbu unayoweza kuionyesha. Niliandika hivi:

"Mimi ni mwanachama namba fulani. Mke wangu ana ugonjwa wa goti uliothibitishwa kwa picha, nakala imeambatishwa. Daktari ametoa rufaa, nayo imeambatishwa. Naomba mnijibu kwa maandishi: je, mtalipia vikao vya akyupancha kwa mtaalamu huyu, vikao vingapi, kiasi gani kwa kila kikao, na je, mtamlipa yeye moja kwa moja au nitalipa kisha mnirudishie? Tunasafiri kutoka Tana River, hivyo tunaomba jibu kabla ya kuondoka."

Mstari ule wa mwisho ulisaidia, nadhani. Jibu lilikuja baada ya siku nne: vikao sita, vinalipwa moja kwa moja. Mke wangu alitia sahihi tu. Tuliomba viwili zaidi, wakakataa, tukavilipia wenyewe. Goti halijawa la msichana, lakini anakwenda shamba na kurudi. Kama unaona vigumu kuandika Kiingereza, andika Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Kama ni lazima ulipe kwanza, rudi nyumbani na karatasi hizi zote: barua ya rufaa yenye tarehe iliyotangulia kikao cha kwanza, idhini ya kampuni, majibu ya vipimo, maelezo ya mtaalamu ya kila kikao yakiwa na tarehe, sahihi na namba yake ya usajili, ankara yenye mchanganuo, risiti, na ujumbe wa M-Pesa. Jina kwenye karatasi zote liwe lile la kitambulisho. Huku kwetu mtu mmoja ana jina la kitambulisho, jina la baba na jina la utani, na nimeona dai likirudishwa kwa sababu hiyo tu. Piga picha ya kila ukurasa siku ile ile na ujitumie kwa barua pepe. Wakati wa mafuriko ya Novemba 2023 na ya masika ya 2024 barabara ya Garissa ilikatika, na maji yaliingia nyumba za watu na kuchukua kila karatasi. Mikataba huweka ukomo wa kuwasilisha madai, nao unahesabiwa kwa siku. Barabara ikifungwa usingoje ifunguliwe. Tuma picha, eleza sababu, halafu karatasi zifuate.

Ukikataliwa, kwanza dai barua yenye sababu na kifungu cha mkataba kilichotumika. Kukataliwa kwa simu hakutoshi. Soma kifungu hicho mwenyewe. Kama kilichokosekana ni karatasi, itafute na urudishe. Kama wameitafsiri vibaya huduma, mwombe daktari aandike aya mbili za kueleza kwa nini ilihitajika. Sheria ya Bima ya Kenya inaipa kampuni siku 90 tangu dai lilipotolewa taarifa kulishughulikia na kulilipa, kwa hiyo hesabu siku zako na uziandike. Kampuni ikikaa kimya au ikishikilia msimamo usio na msingi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ukiambatisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe. Hapo ndipo utaona faida ya kuandika badala ya kupiga simu.

Wengi wananiuliza kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya ile NHIF ya zamani tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Jisajili kwa *147# na uendelee kulipa, kwa sababu kwa vipimo, kulazwa, uzazi na upasuaji ndiyo ngao ya wengi wetu. Kwa sindano za Kichina usiitegemee. Walimu nao wasichukulie kwamba walivyohudumiwa miaka ile ya mpango uliosimamiwa na kampuni ya Minet ndivyo ilivyo leo. Waulize upya kila mkataba unapobadilika. Na aliyeumia akiwa kazini asikimbilie kadi yake kwanza. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri gharama za matibabu hayo, hivyo amjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja.

Kama una barua ya kukataliwa iliyokunjwa ndani ya sanduku nyumbani, itoe leo. Angalia tarehe yake na kifungu walichokitaja. Kama siku za kukata rufaa bado zipo, andika kabla jua halijatua. Na kama bado hujaanza safari ya Mombasa, mkoba umefungwa na basi ni kesho alfajiri, piga ile namba iliyo nyuma ya kadi usiku huu, kisha uandike.